Jinsi ya Kuombea Dereva wa Kujitolea wa American Field Service Hadhi ya Mkongwe wa Jeshi la Marekani

Raia wa Marekani waliojitolea kuendesha magari ya wagonjwa chini ya American Field Service, au AFS kwa kifupi, walibeba majeruhi katika vita vyote viwili vya dunia. Walivaa sare, walilala kambini, walifuata amri za makamanda wa vikosi walivyovihudumia, na katika Vita vya Pili peke yake 36 kati yao walipoteza maisha. Hata hivyo, kwa miongo mingi sheria ya nchi yao iliwahesabu kuwa raia wa kawaida, kwa sababu hawakuwa wameandikishwa katika jeshi lolote la Marekani. Tarehe 30 Agosti 1990 ndipo makundi mawili ya watu hao yalipotambuliwa rasmi kuwa yalifanya utumishi wa kijeshi. Utambuzi huo haumfikii mtu wenyewe: kila dereva, au familia yake ikiwa amekwisha kufariki, anapaswa kuomba na kuthibitisha kwamba alikuwa ndani ya mojawapo ya makundi hayo.

Mwongozo huu unaeleza namna ya kufanya hivyo. Umeandikwa hasa kwa watoto, wajukuu na watafiti wanaoshughulikia kumbukumbu za dereva aliyekwisha kufariki, kwa kuwa waliotumikia wakati huo ni wachache mno waliobaki hai. Jambo moja ni muhimu kuliko mengine yote. Ombi la namna hii halipimwi kwa ushujaa wala kwa idadi ya majeruhi waliookolewa. Hupimwa kwa kuuliza dereva alikuwa chini ya amri ya nani, mahali gani, na kuanzia tarehe gani hadi tarehe gani. Familia nyingi huanza na medali na simulizi, na hilo linaeleweka, lakini afisa anayesoma faili hutafuta majibu ya maswali hayo matatu kabla ya yote.

Sheria inavyosema

Msingi wa utambuzi huu ni Sheria ya Umma namba 95-202 ya tarehe 23 Novemba 1977, kifungu cha 401. Kifungu hicho kilitungwa kwanza kwa ajili ya WASP, yaani wanawake waliorusha ndege za kijeshi ndani ya Marekani wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, lakini kikafungua njia pia kwa makundi mengine ya raia ambayo hali yao ilifanana na ya wanawake hao. Mamlaka ya kuamua yalipewa Waziri wa Ulinzi, naye akaikabidhi kazi hiyo kwa Waziri wa Jeshi la Anga, ambaye hushauriwa na bodi maalumu inayopitia utumishi wa raia waliofanya kazi pamoja na majeshi.

Sheria yenyewe inataja mambo matano ya kuzingatiwa: kama kundi lilipata mafunzo ya kijeshi na uwezo wa kijeshi, au kazi yake ilikuwa ya lazima kwa mafanikio ya operesheni ya kijeshi, kama wanachama wake walikuwa chini ya sheria, nidhamu na udhibiti wa jeshi, kama hawakuruhusiwa kujiuzulu, kama wangeweza kupangiwa kazi katika eneo la mapigano, na kama walikuwa na sababu ya haki ya kutarajia kwamba utumishi wao ungehesabiwa kuwa wa kijeshi. Ni vyema msomaji ayafahamu mambo haya hata kama kundi la jamaa yake limekwisha kutambuliwa, kwa sababu ndiyo yanayoeleza kwa nini mipaka ya utambuzi ilichorwa ilipochorwa.

Kulinganisha dereva na maneno ya utambuzi

Hapa ndipo maombi mengi yanapofaulu au kukwama, kwa hiyo ni busara kutumia muda mrefu katika hatua hii kabla ya kujaza fomu yoyote.

Kundi la kwanza lililotambuliwa mwaka 1990 ni la raia wa Marekani wa AFS waliotumikia ng'ambo, katika shughuli za uwanjani, wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, kuanzia tarehe 31 Agosti 1917 hadi tarehe 1 Januari 1918. Ni miezi minne tu. AFS ilikuwa imeanza mwaka 1915 chini ya A. Piatt Andrew, ikitokana na hospitali ya Wamarekani iliyokuwa Neuilly karibu na Paris, na vikosi vyake vilikuwa vimeambatanishwa na divisheni za jeshi la Ufaransa. Marekani iliingia vitani mwezi Aprili 1917, na kuanzia mwisho wa Agosti jeshi lake likaanza kuichukua huduma hiyo. Katika miezi hiyo ya makabidhiano wako madereva waliokuwa wakifanya kazi chini ya mamlaka ya Marekani ilhali bado ni raia, na ndio wanaolengwa na maneno haya. Dereva aliyebeba majeruhi Verdun mwaka 1916 kisha akarudi nyumbani kabla ya Agosti 1917 hayumo, hata kama alitunukiwa nishani ya Croix de Guerre. Ni uamuzi mchungu kwa familia yake, nami naona uchungu huo una haki yake, lakini hakuna barua itakayoubadilisha kupitia njia hii.

Kundi la pili ni la raia wa Marekani wa AFS waliotumikia ng'ambo chini ya majeshi ya Marekani na makundi ya majeshi ya Marekani katika Vita vya Pili, kuanzia tarehe 7 Desemba 1941 hadi tarehe 8 Mei 1945. Maneno ya kusoma kwa makini zaidi ni "chini ya majeshi ya Marekani na makundi ya majeshi ya Marekani". Kundi la majeshi ni kamandi moja inayosimamia majeshi mawili au zaidi. AFS ilifufuliwa na Stephen Galatti vita vilipoanza mwaka 1939, na sehemu kubwa ya madereva wake, waliozidi 2,000 kwa ujumla, walifuatana na majeshi ya Uingereza na ya Ufaransa Huru. Walikuwa Bir Hakeim na El Alamein, Afrika Kaskazini, mwaka 1942, wengine walikwenda India na Burma, na wengine walisaidia kuwahamisha wagonjwa wa kambi ya Bergen-Belsen baada ya kukombolewa na Waingereza mwezi Aprili 1945. Katika sehemu zote hizo kamandi ya juu ilikuwa ya Uingereza, kwa hiyo muda huo peke yake hautoshi.

Palipo na matumaini makubwa ni Italia na Ulaya Magharibi. Jeshi la Tano la Marekani lilipigana Italia kuanzia Septemba 1943 likiwa na vikosi vya mataifa kadhaa ndani yake, vikiwemo vya Uingereza na vya Ufaransa. Jeshi la Kwanza la Ufaransa nalo lilikuwa ndani ya Kundi la Majeshi la Sita la Marekani, lililoanza operesheni zake Septemba 1944 chini ya Jenerali Jacob Devers. Dereva aliyekuwa amebeba majeruhi wa Kifaransa au wa Kiingereza anaweza basi kuwa alitumikia chini ya kamandi ya Marekani bila familia kujua, kwa sababu katika barua zake alitaja divisheni aliyoishi nayo, naye hakuwa na haja ya kutaja jeshi lililokuwa juu yake. Vilevile, mtu aliyekuwa na Jeshi la Nane la Uingereza nchini Italia anafaa kuandika tarehe zake kwa uangalifu, maana Kundi la Majeshi la Kumi na Tano, lililokuwa juu ya jeshi hilo, liliwekwa chini ya Mmarekani, Jenerali Mark Clark, mwezi Desemba 1944. Hiyo ni hoja ya kuwasilishwa pamoja na ushahidi, ili wenye mamlaka waipime wenyewe.

Kwa hiyo andika jedwali la utumishi wa dereva, mwezi kwa mwezi ikiwezekana. Kila mstari uwe na tarehe, mahali, kampuni au kikosi cha AFS, divisheni iliyohudumiwa, jeshi lililokuwa juu ya divisheni hiyo, na karatasi inayothibitisha kila jambo. Nafasi ambayo huwezi kuijaza iache wazi. Jedwali lenye mapengo yanayoonekana huaminika kuliko lililojazwa kwa kukisia, na linakuonyesha pa kwenda kutafuta.

Kabla ya kuendelea, hakikisha pia kwamba dereva huyo hakuandikishwa jeshini baadaye. Mwaka 1917 wengi wa AFS walijiunga moja kwa moja na Jeshi la Marekani, na wengine wakawa marubani. Katika Vita vya Pili pia wapo walioitwa jeshini baada ya kumaliza muda wao. Mtu wa namna hiyo huenda tayari ni mkongwe kwa utumishi wake wa pili, na baadhi ya haki ambazo familia inazitafuta, kama vile jiwe la kaburi, zinaweza kupatikana kwa njia fupi zaidi. Aidha, AFS haikuwa shirika pekee. Kundi la Norton-Harjes na madereva wa Msalaba Mwekundu wa Marekani walikuwa tofauti nayo, na utambuzi wa 1990 unataja AFS tu.

Kukusanya ushahidi

Mzigo wa kuthibitisha uko kwa mwombaji. Anza na vilivyo nyumbani: kitambulisho cha AFS, mkataba wa kujiunga, pasipoti yenye mihuri ya safari, hati za usafiri wa meli, amri za uhamisho, cheti cha kumaliza utumishi, na barua zilizopitia kwa wakaguzi wa kijeshi. Bahasha za barua hizo zisitupwe, kwa sababu anwani ya posta ya kijeshi na muhuri wa tarehe vinaweza kuonyesha kikosi kilikuwa chini ya jeshi lipi wiki hiyo. Karatasi za Vita vya Kwanza mara nyingi huwa na herufi SSU na namba, ambazo ni alama ya vikosi vya magari ya wagonjwa, au TMU, ambazo ni za vikosi vya malori. AFS ilikuwa na madereva wa malori waliosafirisha risasi na mahitaji ya jeshi la Ufaransa, na maneno ya utambuzi yanazungumzia raia wa AFS bila kuwataja wa magari ya wagonjwa peke yao, kwa hiyo familia yenye karatasi za TMU isikate tamaa mapema.

Hatua inayofuata ni kumbukumbu za AFS yenyewe, zinazohifadhiwa New York na shirika ambalo leo linajulikana zaidi kwa programu za kubadilishana wanafunzi, zilizoanzishwa na madereva hao hao baada ya Vita vya Pili. Humo mna orodha za waliojiunga, barua, picha na taarifa za vikosi. Unapoandika, toa jina kamili kama lilivyoandikwa wakati huo, mwaka wa kuzaliwa, mji alikotoka na miaka ya utumishi, kisha uombe nakala ya kadi yake na ya taarifa zozote zinazotaja kikosi chake. Omba pia barua rasmi inayosema kwamba kwa mujibu wa kumbukumbu hizo mtu huyu alitumikia kuanzia tarehe fulani hadi tarehe fulani. Barua kama hiyo ina uzito kwa sababu inatoka kwa mtunza kumbukumbu asiye na maslahi katika ombi.

Upande wa jeshi, taarifa za operesheni za majeshi ya Marekani zinapatikana katika Hifadhi ya Taifa ya nyaraka huko College Park, Maryland. Usitarajie kukuta jina la dereva humo. Unachotafuta ni amri au taarifa inayoonyesha kwamba kampuni yake ya AFS, au divisheni aliyoihudumia, iliwekwa chini ya jeshi fulani la Marekani katika tarehe zilizo kwenye jedwali lako. Karatasi moja ya namna hiyo inaweza kuwafaa madereva wote wa kampuni hiyo, na ingekuwa vizuri familia zinazofahamiana zigawane kazi hii badala ya kila moja kuirudia.

Ikiwa dereva aliandikishwa jeshini baadaye, faili lake huombwa katika kituo cha kumbukumbu za wanajeshi huko St. Louis. Moto wa tarehe 12 Julai 1973 uliteketeza kati ya mafaili milioni 16 na 18 katika kituo hicho, na takriban asilimia 80 ya mafaili ya Jeshi la Nchi Kavu ya walioachishwa kati ya mwaka 1912 na 1960 yalipotea. Jibu la kwamba faili halipo lisichukuliwe kuwa ni jibu la kwamba mtu hakutumikia. Litunze jibu hilo kwa maandishi na uliambatishe, kwa sababu linaeleza kwa nini umelazimika kutegemea ushahidi wa aina nyingine.

Hati za kiapo zinafaa pale karatasi zinapokosekana. Inayotoka kwa aliyeshuhudia mwenyewe ndiyo yenye nguvu, lakini hata mtoto wa dereva anaweza kuapa kuhusu chanzo cha karatasi alizonazo: zilikuwa wapi, nani alimkabidhi, na kwa nini anaamini ni za baba yake. Hati ya kiapo iseme kile ambacho mwapaji anakijua kweli. Sifa za jumla, hata zikiwa za haki, hazimsaidii anayesoma kuamua lolote.

Kujaza na kutuma ombi

Fomu inayotumika ni DD 2168, ambayo ni ombi la kupewa hati ya kuachishwa jeshi kwa mwanachama wa kundi lililotambuliwa, au kwa familia ya mwanachama aliyefariki. Maelekezo ya fomu yanaorodhesha makundi yaliyotambuliwa na kuonyesha ofisi ya kutuma kwa kila kundi. Tumia jina la kundi neno kwa neno kama lilivyo katika orodha hiyo. Usiandike "dereva wa ambulensi", kwa sababu hakuna kundi lililotambuliwa kwa jina hilo. Tuma nakala, na karatasi halisi zibaki nyumbani. Mwombaji ambaye ni mtoto au mjukuu aambatishe cheti cha kifo na uthibitisho wa udugu wake.

Barua ya utangulizi isizidi ukurasa mmoja na iandikwe kwa Kiingereza. Aya yake ya kwanza inatosha kusema jambo kama hili: "Ninaomba kutambuliwa kwa utumishi wa marehemu baba yangu, raia wa Marekani na dereva wa AFS, ambaye kati ya tarehe zilizotajwa hapa chini alihudumia divisheni iliyokuwa katika Jeshi la Kwanza la Ufaransa, chini ya Kundi la Majeshi la Sita la Marekani. Vielelezo vya kwanza hadi vya nne vinathibitisha uanachama wake, na vya tano hadi vya saba vinathibitisha kamandi." Baada ya hapo weka jedwali, kisha vielelezo vikiwa na namba zinazolingana na jedwali. Mtu asiyejua lolote kuhusu AFS aweze kufuata kila dai hadi kwenye karatasi yake bila kukuuliza swali.

Ombi likikubaliwa, jeshi hutoa hati ya kuachishwa pamoja na fomu DD 214, yenye tarehe za utumishi unaohesabiwa. Zikague siku hiyo hiyo. Kosa katika jina au tarehe hurekebishwa kupitia bodi ya kusahihisha kumbukumbu za kijeshi kwa kutumia fomu DD 149. Sheria inaweka miaka mitatu tangu kosa lilipogunduliwa, ingawa bodi inaweza kusamehe ucheleweshaji kwa ajili ya haki. Ombi likikataliwa, soma sababu kwa utulivu. Sababu ya kwamba uanachama haujathibitishwa hurudisha kazi kwenye kumbukumbu za New York. Sababu ya kwamba kamandi haikuwa ya Marekani hurudisha kazi College Park.

Haki zinazofuata

Hati hiyo humfanya dereva kuwa mkongwe kwa ajili ya haki zinazosimamiwa na Idara ya Masuala ya Maveterani, au VA kwa kifupi. Kwa aliye hai, kubwa ni matibabu na haki ya kuzikwa katika makaburi ya taifa. Kwa aliyefariki, familia inaweza kuomba jiwe la kaburi kwa fomu ya VA 40-1330, ikiambatisha nakala ya DD 214. Kuna sharti ambalo huwashangaza wengi: kwa mkongwe aliyefariki kabla ya tarehe 1 Novemba 1990, jiwe hutolewa tu ikiwa kaburi lake katika makaburi ya binafsi halina alama. Wale ambao makaburi yao yana mawe tayari wanaweza kuomba cheti cha kumbukumbu chenye sahihi ya Rais.

Ikiwa jamaa yako ameachwa nje

Kwa kundi ambalo halijatambuliwa, au sehemu ya AFS isiyoguswa na maneno ya 1990, ziko njia mbili, na zote mbili ni ngumu.

Njia ya kwanza ni ombi la kundi chini ya sheria ile ile ya 1977. Historia ya sheria hiyo inaonyesha kwamba makundi yenye mipaka myembamba hupita kwa urahisi zaidi. Mabaharia wa meli za biashara waliopeleka meli za kuzamishwa katika operesheni ya Mulberry, yaani ujenzi wa bandari za muda pwani ya Normandy mwaka 1944, walitambuliwa kabla ya mabaharia wengine. Wenzao wa safari za baharini kuu walilazimika kwenda mahakamani, na mwaka 1987, katika kesi ya Schumacher dhidi ya Aldridge, mahakama ya shirikisho huko Washington ilikuta kwamba kukataliwa kwao hakukuwa na misingi iliyo wazi. Walitambuliwa Januari 1988. Anayeandaa ombi la kundi na abainishe basi kikosi, eneo na tarehe, na ajibu lile swali la kujiuzulu moja kwa moja, kwa kuwa mara nyingi watu wa kujitolea hudhaniwa kuwa walikuwa huru kuondoka. Mkataba wa utumishi wenye kipindi maalumu, au amri ya kijeshi iliyomzuia mtu kuondoka kituoni, una thamani kubwa kuliko kurasa nyingi za maelezo.

Njia ya pili ni Bunge la Marekani. Walinzi wa Alaska Territorial Guard walitambuliwa kwa sheria ya mwaka 2000, na kwa upande mwingine wauguzi wa Cadet Nurse Corps wamepigania miswada ya namna hiyo kwa miaka mingi bila kupata hadhi hiyo. Unapomwandikia mbunge au seneta wako, mpelekee jedwali lile lile la tarehe na kamandi, orodha ya familia zinazoliunga mkono ombi, na maneno kamili ya kundi unalotaka litajwe katika mswada: uraia wa wanachama wake, shirika, eneo la utumishi, tarehe ya mwanzo na tarehe ya mwisho. Eleza pia kama mnaomba hadhi kamili pamoja na haki zake zote, au mnaomba jina la mkongwe na jiwe la kaburi tu, kwa sababu gharama ndiyo swali la kwanza ambalo wasaidizi wake watauliza.